Siku ya Tatu Ng'ambo

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huichukua methali hii kama kemeo kwa mgeni mvivu. Mimi, baada ya miaka mingi ya kulea wanachuo wa ualimu, naiona kuwa ni zawadi kwa mgeni. Historia ya vijana wetu waliokwenda kusoma Marekani yanipa ushahidi.

Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akiomba nafasi za masomo. Kenya ilikuwa bado chini ya Waingereza, na elimu ya juu kwa Mwafrika ilikuwa adimu. Mwezi Septemba ndege ya kukodi iliwafikisha New York vijana 81. Mwaka 1960, Mboya alipokwisha kuonana na Seneta John F. Kennedy, mfuko wa hisani wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na vijana wa nchi jirani, Tanganyika ikiwemo, nao wakapata nafasi.

Msimamizi wa mfuko huo alikuwa Sargent Shriver. Yeye mwenyewe, mwaka 1934, alikuwa amekwenda Ujerumani na chama kilichoanzishwa na Donald Watt mwaka 1932 ili vijana wakaishi na familia za nchi nyingine. Watt aliamini kwamba watu hujifunza kuishi pamoja kwa kuishi pamoja.

Lakini ndugu msomaji, kuishi pamoja hakuanzi siku ya kwanza. Kijana wetu amefundishwa kwamba chakula hukataliwa kwanza kwa adabu, ndipo mwenyeji asisitize. Kule huulizwa mara moja tu. Akisema ameshiba, sahani huondolewa, naye hulala na njaa. Amefundishwa kumwita mama wa nyumba kwa jina la mwanawe; kule mama huyo humtaka amwite kwa jina lake mwenyewe, na ulimi unakuwa mzito. Siku mbili hizo anakalishwa kitini kama mkaguzi wa shule. Anaheshimiwa sana, na ana upweke mkubwa. Siku akikabidhiwa kitambaa cha kukaushia vyombo, au ufunguo wa mlango, ndipo anapovuta pumzi. Amepewa jembe lake.

Tusisahau pia kilichokuwa nje ya mlango huo. Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alikwenda Marekani mwaka 1960. Akiwa safarini kwa basi kuelekea chuoni Kansas, yeye na wenzake walishuka Indiana kununua vinywaji baridi. Waliambiwa wakanywee nje, kwa sababu ya rangi yao. Sheria ya kukataza ubaguzi wa namna hiyo mikahawani ilipitishwa mwaka 1964. Kwa hiyo familia iliyomweka Mwafrika mezani pake miaka ile ilimpa zaidi ya chakula.

Sisi wa Rungwe jambo hili halipaswi kutushangaza. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwetu kati ya miaka 1934 na 1938, walieleza jinsi mvulana wa Kinyakyusa alivyohama nyumba ya wazazi akiwa na umri wa miaka kama kumi, akaishi na marika wenzake katika kijiji chao. Walikula kwa zamu, kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Nao waliendelea kulima mashamba ya baba zao. Kula kwa mama wa mwenzako na kushika jembe vilikwenda pamoja. Ushirika huo mwema wazee waliuita *ukwangala*.

Nimeyaona hayo kwa wanachuo waliokwenda mazoezi ya kufundisha vijijini. Aliyetunzwa kama mgeni rasmi alihesabu siku za kurudi. Aliyetumwa kisimani au kumenya ndizi alirudi akisema, "Mama yangu wa kule."

Leo vijana kutoka Makandana wanakwenda mbali zaidi, hata China na India, na simu huwapa sauti ya nyumbani kila jioni. Sauti hiyo inafariji, lakini haimpi mtu kazi katika nyumba aliyomo. Basi mzazi unayemuaga mwanao, mwambie aombe jembe mapema. Nawe unayempokea wa mwenzako hapa kwetu, usimwonee haya kumpa.