Mhandisi na Fundi: Historia ya Maneno Mawili

Neno uhandisi halikuanzia kwenye mitambo. Chimbuko lake la mbali ni andāza ya Kiajemi, yaani kipimo. Waarabu walipolichukua waligeuza z kuwa s, kwa kuwa mizizi ya Kiarabu haikubali z ifuate d. Wakapata handasa, jina la jiometria, na muhandis, mtu apimaye. Kiswahili nacho kilimpokea mtu huyo kama mzawa: mu-, ambayo katika Kiarabu ni alama ya mtenda, ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli ya watu, tukapata mhandisi na wahandisi, kisha uhandisi. Injinia, lililotufikia kupitia Kiingereza, lina ukoo mwingine kabisa. Ingeniator wa Kilatini cha zama za kati alitengeneza zana za kuvunjia ngome.

Ukoo huo wa kivita uliacha alama katika majina ya matawi. Huko Uingereza, John Smeaton, mjenzi wa mnara wa taa wa Eddystone, na wenzake walianzisha chama chao London mwaka 1771 wakijiita wahandisi wa kiraia, ili ijulikane kwamba madaraja, mifereji na bandari zao hazikuwa kazi za jeshi. Wahandisi wa mitambo waliunda chama chao mwaka 1847, enzi ya reli. Wa telegrafu, watangulizi wa wahandisi umeme, mwaka 1871. Kiswahili hakikuubeba ukinzani wa raia na askari: kilisema uhandisi ujenzi, kikalitaja tawi kwa kazi yake. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi wa busara, kwani mvutano ule haukuwa wetu.

Linalohitaji kuhojiwa ni hatima ya fundi. Pwani ilikuwa na mwashi, kutokana na kitenzi aka, kujenga kwa mawe; ilikuwa na seremala na mhunzi; na fundi lilikuwa jina la heshima kwa yeyote aliyebobea kiasi cha kuweza kufunza, maana udugu wake na kitenzi funda haujifichi. Waliojenga Husuni Kubwa, Kilwa, katika karne ya 14, walifanya kazi kwa matumbawe na chokaa, wakachimba bwawa la pembe nane; Msikiti Mkuu ukapata kuba. Upana wa vyumba vya mawe vya pwani, ambao kwa kawaida hauzidi sana mita 3, ulifuata urefu wa boriti za mikoko na uzito ambao ziliweza kuubeba. Huko ni kupima hasa.

Leo ngazi rasmi ya Tanzania huanza na mhandisi, hufuatiwa na fundi sanifu, na chini yake fundi mchundo. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 ina sababu njema ya kulilinda jina hilo: daraja likianguka, sharti ajulikane wa kuulizwa. Lakini mwanahistoria anayeandika kwamba Husuni Kubwa ilijengwa na mafundi, bila kuongeza neno, hawezi tena kutegemea maana ya kale. Msomaji wake atawashusha wajenzi hao hadi ngazi ya tatu, huku akidhani kwamba mpimaji alitoka kwingine. Ni afadhali kuwaita wahandisi, kwa maana ya handasa, na kutumia sentensi moja kueleza sababu.