Norwe Mwaka 1942: Ungamo la Kanisa na Jirani Aliyesubiri

Kwa wengi wetu katika Kanisa la Kilutheri la Tanzania, Norwe ni nchi iliyotuma wamisionari na waganga. Hospitali ya Haydom huko Mbulu, waliyoijenga Wanorwe katika miaka ya 1950, ni ushahidi mmojawapo. Lakini yafaa pia tuijue Norwe ya mwaka 1942, taifa dogo la watu wapatao milioni 3, lililovamiwa na Ujerumani Aprili 9, 1940, na ambalo mfalme wake, Haakon wa Saba, alikuwa uhamishoni London. Mwaka huo Kanisa la dola, ambalo wachungaji wake walilipwa mishahara na serikali, lililazimika kujibu swali linalotuhusu Walutheri wote: Utii kwa mamlaka unaofundishwa katika Warumi 13 una mpaka gani?

Februari 1 Vidkun Quisling, kiongozi wa chama kilichoshirikiana na Wajerumani, aliwekwa kuwa mkuu wa serikali. Siku hiyo hiyo, katika Kanisa Kuu la Nidaros mjini Trondheim, ibada ya asubuhi ilitwaliwa na mchungaji wa chama hicho. Arne Fjellbu, mkuu wa kanisa hilo, akatangaza ibada yake saa 8 mchana. Polisi waliwazuia watu wengi wasiingie, nao wakasimama nje katika baridi kali wakiimba wimbo wa Luther unaomkiri Mungu kuwa ngome. Fjellbu aliachishwa kazi. Februari 24 maaskofu wote saba walijiuzulu vyeo vyao vya serikali, wakishikilia kwamba wito waliopewa kwa kuwekewa mikono haumo katika uwezo wa serikali kuuondoa.

Wakati huo huo serikali ilitoa sheria ya kuwaingiza watoto wote katika umoja wa vijana wa chama, na walimu wakatakiwa kujiunga na chombo kipya cha chama. Walimu walio wengi walikataa. Wapatao 1,100 walikamatwa, na mamia yao wakapelekwa kufanya kazi za shuruti Kirkenes, kaskazini ya mbali.

Siku ya Pasaka, Aprili 5, ungamo liitwalo Kirkens Grunn, yaani Msingi wa Kanisa, lilisomwa makanisani. Lilikuwa na sehemu sita: uhuru wa Neno la Mungu, Kanisa na huduma takatifu, umoja wa Kanisa, haki ya wazazi na Kanisa katika malezi, uhusiano wa Wakristo na mamlaka, na Kanisa la dola. Baada ya hapo zaidi ya asilimia 90 ya wachungaji waliacha vyeo vya serikali pamoja na mishahara yake. Waliendelea kuhubiri na kubatiza, wakitunzwa kwa sadaka za waumini. Askofu Eivind Berggrav wa Oslo alikamatwa, akafungiwa chini ya ulinzi katika nyumba ndogo msituni hadi mwaka 1945.

Hapa fundisho la falme mbili lilirudishiwa maana yake. Kwa Wanorwe halikuwa kifuniko cha kunyamaza. Kwa kuwa Mungu ndiye aliyeiweka serikali ili ilinde haki, serikali inayovunja haki yaweza kuhukumiwa kwa Neno la huyo huyo aliyeiweka.

Lakini mwaka haukuishia Pasaka. Katika vichwa sita vya ungamo hakuna kimoja kilichowahusu Wayahudi, watu kiasi cha 2,000 tu katika nchi ile. Oktoba 26 wanaume wa Kiyahudi walianza kukamatwa na mali zao kutwaliwa. Kanisa lilisema. Katika barua kwa Quisling mwezi Novemba, viongozi wake, pamoja na wa makanisa mengine, walikumbusha kwamba tangu 1851 Wayahudi walikuwa na haki ya kisheria kukaa nchini, na kwamba sasa waliadhibiwa kwa ukoo wao, si kwa kosa. Barua haikusikilizwa. Novemba 26 meli Donau iliondoka Oslo na Wayahudi zaidi ya 500, nao wakafikishwa Auschwitz. Waliowakamata walikuwa hasa polisi Wanorwe. Kati ya watu wapatao 770 waliohamishwa kwa nguvu, hawakufika 40 waliorudi. Wengine zaidi ya 1,000 waliokolewa kwa kuvushwa mpaka kwenda Uswidi, mara nyingi na watu wasiojulikana majina.

Hatusemi haya ili kuwahukumu ndugu waliothubutu kuliko wengi. Lakini mwanafunzi wa historia ya Kanisa sharti aone utaratibu wa mambo. Mwezi Aprili, madhabahu na watoto wa Kanisa vilipoguswa, ungamo lilikuwa tayari. Mwezi Novemba, jirani wa imani nyingine alipoguswa, neno lilikuwa la kweli, ila lilikuja baada ya milango ya magereza kufungwa.

Tunapowafundisha wachungaji Ungamo la Augsburg, basi, tusitosheke kuuliza ni lini Kanisa litapaswa kusema kwa ajili yake lenyewe. Tuulize pia ni nani miongoni mwetu, asiye wa usharika wetu, ambaye jina lake limeanza kuandikwa katika orodha leo, naye bado hatujamtaja. Mithali 31:8 haingoji hadi meli ing'oe nanga.