Adhimisha na azimisha

Adhimisha ni kitenzi chenye maana ya kuitukuza siku, mtu au tukio kwa shughuli maalumu ya kumbukumbu, na asili yake ni mzizi wa Kiarabu unaobeba maana ya ukubwa na utukufu, ambao ndio uliokipa Kiswahili neno adhimu. Kitenzi hiki huchanganywa mno na azimisha, yaani kumpa mtu kitu akitumie kisha akirudishe, ambacho ni kauli ya kutendesha ya azima, neno la Kibantu lisilo na nasaba yoyote na Kiarabu.

Chanzo cha mkanganyiko ni matamshi. Sauti dh, inayotamkwa kwa ncha ya ulimi kukaribia meno ya juu huku hewa ikipita kwa mkwaruzo, haimo katika lugha nyingi za Kibantu, Kimwera cha Ruangwa na Nachingwea kikiwemo. Kwa hiyo msemaji wa Kimwera wa Narung'ombe, kata ya Ruangwa, ambaye huitamka ng' ya jina la kata yake bila taabu, huweza kuiweka z mahali pa dh, na kosa la ulimi likahamia kwenye maandishi. Kosa hili si la kusini mwa Tanzania peke yake, na halistahili kumdhalilisha mtu, lakini kwenye bango la shughuli ya umma huharibu maana kabisa: anayeandika "kuazimisha Nane Nane" amesema kwamba sikukuu ya wakulima inatolewa kwa muda, kama jirani anavyopewa jembe wakati wa palizi ya ufuta.

Azimia, yaani kukata shauri, ni neno jingine tena, lenye mzizi wake wa Kiarabu uliozaa azma na azimio, kama lile Azimio la Arusha lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967.

Adhimisha pia si sawa na sherehekea, kwa kuwa hufaa hata penye majonzi: Watanzania huiadhimisha tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, wala hawaisherehekei. Nomino yake ni maadhimisho, inayotumika zaidi katika wingi, kama vile maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 7 Julai 2022. Umbo "maazimisho" halina nafasi katika Kiswahili sanifu na halifai kuandikwa.