Fidia si marejesho

Mfanyabiashara wa mji wa Aru, Ituri, akilipia mzigo usiofika, hudai arudishiwe pesa yake ileile. Hayo ni marejesho. Fidia hulipia madhara, hata pale ambapo kilichopotea hakirudi tena.

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda, ambayo jeshi lake lililikalia eneo la Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Kuziita pesa hizo marejesho ni kosa zito; waliouawa hawarudishwi.

Kwa shambulio dhidi ya Bogoro, kijiji cha Ituri karibu na Bunia, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliamua mwaka 2017 kwamba waathirika 297 wapewe dola 250 kila mmoja, ikaziita fidia ya ishara.