Mkimbizi wa Kabambare

Mkimbizi ni mtu aliyekimbia, na kitenzi hicho hakiulizi mpaka. Mama aliyetoka Salamabila, Kabambare, mkoani Maniema nchini Kongo, akafika Kasongo katika mkoa huo huo na sufuria kichwani na mtoto mgongoni, kwa wenyeji waliompokea ni mkimbizi. Kwa Mkataba wa Geneva wa 1951 siye, kwa kuwa hakutoka nje ya nchi yake. Angelivuka Ziwa Tanganyika hadi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, angelipata jina hilo pamoja na ulinzi wake.

Aliyebaki Maniema huitwa deplase, neno la Kifaransa. Kiswahili sanifu humwita mkimbizi wa ndani, na Umoja wa Afrika uliwawekea watu kama yeye mkataba wao jijini Kampala mwaka 2009. Jina hilo nalipenda, maana halifichi mbio. Linaloniumiza ni “waliohama makazi”. Anayehama hufunga mizigo, huaga majirani, huchagua siku. Huyu aliacha muhogo ukiwa umelowekwa, na sasa analala kwa watu wanaogawana naye chakula kisichowatosha wenyewe.

Wahariri wenzangu, watu wakikimbia, tuandike kwamba wamekimbia.