South Street Haikuokolewa na Edmund Bacon

Wanaoandika wasifu wa Edmund Bacon hupenda kutuambia kwamba ndiye aliyeinusuru Philadelphia kongwe isibomolewe. Mimi nawapinga, na ushahidi wangu ni mtaa mmoja tu, South Street.

Bacon alizaliwa Philadelphia mwaka 1910, akasomea usanifu majengo Cornell, akafanya kazi Shanghai, kisha akawa mtendaji mkuu wa Tume ya Mipango ya Jiji kuanzia 1949 hadi 1970. Jarida la Time likamtia jaladani mwaka 1964. Haki yake apewe: katika kitongoji cha Society Hill alitaka nyumba za matofali za karne ya 18 zikarabatiwe, wakati wenzake wa miji mingine walikuwa wakifyeka mitaa mizima. Nyumba nyingi zikapona. Waliokuwa wakiishi humo ndio walioumia, kwani mwenye nyumba asiyemudu ukarabati alinyang'anywa, na wapangaji maskini, wengi wao Weusi, wakafungasha virago.

Hatua chache kusini ya hapo ndiko South Street, ukingo wa Kata ya Saba, ambako mwanasosholojia W.E.B. Du Bois alipita nyumba kwa nyumba mwaka 1896 na 1897 akiwahoji wakazi Weusi. Juu ya mtaa huu wapangaji mipango wa jiji walichora barabara ya magari ya kasi, Crosstown Expressway, kutoka mto Delaware hadi mto Schuylkill. Bacon aliiunga mkono.

Tingatinga halikuhitajika. Ule mstari wa ramani ulitosha: mabenki yakakataa kukopesha, wenye nyumba wakaacha kuziba mapaa yaliyovuja, maduka yakafungwa. Halafu wakubwa wakauonyesha uchakavu huohuo kama sababu ya kubomoa! Na bado wapo waandishi wanaosema mtaa ulikuwa umeshakufa wenyewe.

Haukuwa umekufa. Alice Lipscomb, mwanamke Mweusi aliyepigania makazi ya majirani zake, pamoja na George Dukes, waliwakusanya wakazi, Weusi kwa Weupe, wakagoma kuondoka. Mwaka 1968 walimpata Denise Scott Brown, msanifu aliyezaliwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, akawachorea mpango wao wenyewe. Meya James Tate akarudi nyuma, mradi wa barabara ukafufuliwa tena, na miaka ya 1970 ukazikwa kabisa.

Wasanii na wenye maduka waliofuata kodi nafuu ndio walioupa mtaa umaarufu wake wa leo. Bacon alifariki mwaka 2005, akiwa na miaka 95, kwa heshima zote. Atakayeandika tena kuhusu uokozi wa Philadelphia kongwe, amtangulize Alice Lipscomb.