FENI YA CHOONI INAMALIZA LUKU? FUNDI WA ZAMANI ALISHAMALIZA HII ISHU

Wadau, kabla mpangaji na mama mwenye nyumba hawajashikana mashati kuhusu luku, hebu turudi nyuma kidogo.

Zile nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Magomeni zilijengwa na mafundi ambao majina yao leo hakuna anayeyakumbuka. Lakini hesabu zao zilikuwa kali! Ukumbi mrefu unakatiza katikati, vyumba huku na huku, mlango wa mbele unatazamana na wa uani. Fungua yote miwili, upepo unapita wenyewe. Jiko na choo viko uani, kwa hiyo moshi wa kuni na harufu ya dagaa vinaondoka bure kabisa.

Feni ya umeme ilishakuwepo Marekani tangu 1882, ila nyumba hizi hazikuihitaji chooni.

Halafu yakaja maisha ya "selfu". Choo ndani, jiko ndani. Heshima imepanda, nani hataki? Ila viwanja vikabanwa, dirisha la choo likaangaliana na ukuta wa jirani. Ndo hapo feni ya kutolea hewa ikaingia, na ugomvi nyuma yake.

Mama anasema inakula umeme, mpangaji anasema kifeni kile? Wote wana haki. Feni ya wati 30 ikizunguka nusu saa baada ya kuoga inakula uniti 0.015, si kitu. Ikiachwa usiku na mchana ni uniti 0.72, na kwa siku 30 ni uniti 21.6. Sasa mteja mdogo wa TANESCO anapewa uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya shilingi 100 kila moja, bila makato. Feni peke yake imeshameza zaidi ya robo! Akivuka 75, uniti za juu bei inaruka zaidi ya mara tatu.

Mwenye AC ndo balaa kabisa. Feni haipoozi, inatoa hewa tu, na hewa ikitoka lazima nyingine iingie. Inatoka ile baridi iliyolipiwa, linaingia joto la Dar chini ya mlango, AC inaanza upya. Hasara hiyo inaweza kuzidi umeme wa feni yenyewe.

Mafundi wengine wanarudisha tofali za matundu juu ya ukuta wa choo. Mama akiweka hizo, feni itawashwa siku ya kukaanga samaki tu.